Nimechoka hata kuomba: je, imani yangu imepungua?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, kwetu ni Iringa, na huu ni mwaka wa saba nafanya kazi hotelini huku Kiwengwa, Unguja. Nilianza kwa kusafisha vyumba, sasa nawasimamia wanaosafisha. Kanisani kwetu tuko kama watu arobaini tu, wengi wafanyakazi wa hoteli kama mimi. Mimi ni mhazini, tena mwalimu wa kwaya. Tangu mwezi wa saba sijielewi. Nalala, naamka nimechoka. Wageni wakinisalimu naitikia huku moyoni nawachukia, na sikuwa hivyo. Juzi nilihesabu mashuka kumi na manne mara tatu, kila mara napata idadi nyingine. Nikafunga mlango wa stoo, nikakaa juu ya fungu la mataulo nikalia, huku redio inaniita jina. Jirani yangu, bibi wa hapahapa, huniletea mkate wa mofa jioni, siku hizi hata kuupokea naona mzigo. Kuomba siwezi. Nikipiga magoti nasinzia, au akili inarudi vyumbani. Mchungaji aliniombea, akanishauri nifunge siku tatu. Nikafunga, nikazidi kudhoofu. Kazini wanasema nimechezewa. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke. Je, imani yangu imepungua? Nina ugonjwa wa akili? Niache kazi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na maneno uliyoyapitisha harakaharaka karibu na mwisho: unatamani ulale usiamke. Wengi waliochoka sana huyatamka, na mara nyingi maana yake ni "mzigo huu uniondokee", si "nataka kufa". Lakini mambo hayo mawili yanakaa nyumba jirani, na mwenye kujua umesimama mlango upi ni wewe. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kama ninavyomuuliza kila anayeketi mbele yangu kutaka ushauri: umewahi kuwaza namna ya kujidhuru? Umepanga siku, au umeweka kitu? Kama jibu ni ndiyo, acha kusoma hapa. Mwambie mtu mmoja aliye karibu, leo hii, asikuache peke yako, na mwende hospitali. Mjini ipo Mnazi Mmoja, na ipo hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu, ambako watu hutibiwa wakarudi makwao na makazini mwao. Usiogope kwamba kulitaja jambo hili kutalikuza. Nimeona watu wakishusha pumzi ndefu kwa sababu tu mtu amewauliza.

Kama jibu ni hapana, twende pamoja.

Umeuliza kama imani yako imepungua. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kuomba moto ukashuka Karmeli, nchi nzima imeona. Sura inayofuata anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anakwenda peke yake jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kusema, "Yatosha." Anaomba afe. Sasa tazama alivyojibiwa. Malaika hakumkemea, hakumuuliza imani yake iko wapi, hakumwambia afunge. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Neno hilo lishike: safari ndiyo iliyokuwa kubwa. Hakuambiwa kwamba yeye ni mdogo. Mazungumzo yenyewe na Mungu, ile sauti ndogo ya utulivu, yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Kwanza usingizi na chakula, halafu maneno.

Soma tena ulichoandika juu ya yule bibi na mkate wake wa mofa. Huenda unajisikia vibaya kwamba anayekujali kila jioni ni jirani Mwislamu na si watu wa kanisani kwako. Usijisikie hivyo. Nabii huyohuyo kabla ya hapo alilishwa na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta, mwanamke wa nchi nyingine kabisa. Pokea mkate, ule ungali moto. Ukiweza, keti naye barazani dakika kumi bila kumweleza lolote.

Na kufunga, acha kwa sasa. Mchungaji wako alitaka kukusaidia, namheshimu kwa hilo, lakini kufunga kunamfaa mwenye akiba mwilini, na wewe huna. Ukimaliza kupona utafunga utakavyo.

Hali uliyo nayo, uchovu mkubwa wa kazi ambao Waingereza huuita burnout, ina historia yake. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, wa New York, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Aliona wakiishiwa nguvu, wakiwa wakali, wakipoteza moyo wa kazi walioipenda. Nalitaja hili kwa sababu moja: wa kwanza kuelezwa kuwa na uchovu huu hawakuwa wavivu wala wenye imani haba. Walikuwa wale waliojitoa kuliko wenzao. Baada yake mtafiti Christina Maslach aliutazama kwa miaka mingi na kuona una sura tatu, na zote tatu umeniandikia bila kujua. Ya kwanza ni kuishiwa kabisa, usingizi usiondoe uchovu. Ya pili ni moyo kuwa mgumu kwa watu unaowahudumia, ndiyo ile chuki kwa wageni wanaokusalimu. Ya tatu ni kujiona hufai tena kazi uliyokuwa hodari wa kuifanya, ndiyo mashuka kumi na manne yasiyohesabika.

Hiyo ya pili ndiyo inayowatesa Wakristo zaidi, kwa sababu wanaihesabu kuwa dhambi. Wanatubu Jumapili, Jumatatu chuki imerudi, wanatubu tena, mwisho wanaamini wameachwa na Roho. Mwanangu, moyo unaojifunga namna hiyo unajilinda, kama mkono unavyojivuta kwenye sufuria ya moto. Ukipona, upole wako utarudi wenyewe, na hutahitaji kuulazimisha.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu huu kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa vizuri. Halikuuita ugonjwa. Hilo ni jibu la nusu la swali lako la pili. Nusu nyingine ni kwamba uchovu huu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, hufanana sana usoni, na sonona ni ugonjwa, tena una tiba. Mimi hupima hivi: siku ya ofu, ukiwa mbali na hoteli, kuna kitu kinachokufurahisha? Samaki wa kukaanga, simu ya mama, wimbo? Kama vitu vingine bado vina ladha na kazi tu ndiyo chungu, yaelekea ni uchovu wa kazi. Kama kila kitu kimepoteza ladha, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na unajiona huna thamani, basi muone daktari kwa ajili ya sonona. Akikupa dawa, ujue huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na usiziache ghafla kwa sababu mtu amekuombea. Dawa na maombi havigombani.

Hata kabla ya hapo, nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu, presha, sukari, na ukiweza tezi ya shingo. Mwanamke wa umri wako mwenye upungufu wa damu huchoka, husahau, moyo humwenda mbio, na anaweza kukaa mwaka mzima akishauriwa mambo ya moyoni wakati mwili unalia madini ya chuma.

Juu ya kuchezewa sitasema mengi. Naishi visiwani, najua maneno hayo yanavyotembea. Ila ukiangalia mizigo uliyonieleza, hakuna kitu ndani yake kinachohitaji mchawi ili mtu aanguke.

Hebu nikuonyeshe kwa kitu unachokijua. Huko pwani ya mashariki ardhi ni jiwe la matumbawe, na maji matamu ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari, tabaka tu. Kisima kikichotwa kwa ndoo, kinadumu. Kikifungwa pampu mchana kutwa na usiku kucha, msimu mzima, maji matamu yanapungua na chumvi inapanda kutoka chini. Mtu akionja anasema kisima kimeharibika. Hakijaharibika. Kimechotwa kuliko kinavyojazwa. Kukiombea huku pampu inaunguruma hakutasaidia, wala kutia sukari kwenye ndoo. Unazima pampu, au unapunguza saa zake, kisha unangoja mvua. Chuki, machozi ya stoo, kusinzia kwenye maombi, hiyo yote ni chumvi iliyopanda.

Pampu zako ni mbili, na utashangaa nikisema ya kwanza kuzima ni ya kanisani.

Najua kwa nini unashikilia. Mko arobaini, mko mbali na kwenu, na kanisa dogo ugenini ni nyumba na ukoo. Ukiachia, unaona litaanguka. Lakini hesabu na mimi. Nadhani unafanya kazi siku sita. Siku ya saba, kama imebahatika kuwa Jumapili, unaamka mapema ufungue kanisa, unaongoza kwaya, unahesabu sadaka, unabaki na kikao, unarudi na daftari la mahesabu chumbani. Hiyo si siku ya mapumziko. Ni zamu ya saba, isiyo na mshahara, na inauma zaidi kwa sababu huna ruhusa ya kuilalamikia.

Musa alifanya hivyohivyo, akiketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alitazama siku moja tu akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema" (Kutoka 18). Hakumsifu kwa kujitoa. Alimwambia atajidhoofisha yeye pamoja na watu, akamwelekeza achague wengine wachukue mzigo pamoja naye. Kwa hiyo wiki hii nenda kwa mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Hesabuni fedha mbele ya macho sita, andikeni kiasi kwenye daftari, wote mtie saini, kisha ukabidhi funguo za kisanduku. Usiseme "nishikieni kidogo" kwa sababu watakurudishia Jumapili ijayo. Sema, "Naomba kupumzishwa miezi mitatu, nimeumwa na uchovu, natibiwa." Kwaya vilevile. Nyimbo zitatoka za sauti moja badala ya nne, na Mungu atazisikia. Atakayekuambia unamwacha Bwana, msikilize kwa heshima na usibadili uamuzi.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu niliwahi kuwa hapo. Nilikuwa muuguzi wa zamu za usiku na mwenyekiti wa akina mama, kwa wakati mmoja. Siku moja nilisimama mbele ya mwalimu wa shule kumchukua mwanangu wa pili, na jina lake likanitoka. Mwalimu ananingoja, mtoto ananitazama. Nilitaja jina la kaka yake. Kesho yake nilikwenda kwa mshauri, nikitegemea anifungulie Biblia. Aliniuliza, "Nani anakufulia nguo?" Nikasema mimi. "Nani anakupikia?" Mimi. "Ukiumwa nani anajua?" Nikanyamaza. Tulianzia hapo.

Ushauri nasaha basi ndio huo. Si hotuba, na si mtu wa kukuambia la kufanya. Ni saa moja kila wiki au kila baada ya wiki mbili, mnakaa, unachosema kinabaki pale isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini. Mara nyingi nampa mtu daftari aandike siku saba: alilala saa ngapi, alikula nini, nani alimwomba kitu, na alijibu nini. Kwa watu kama wewe safu ya majibu hujaa "ndiyo" ukurasa mzima. Kisha tunatafuta neno linalokaa nyuma ya ndiyo hizo. Kwa wengi ni hili: "Nisipofanya mimi nani atafanya?" Wengine: "Nikikataa wataniona nimebadilika." Neno likishaonekana, tunaliuliza limetoka wapi, nani alikufundisha, na kama ni kweli. Binti mkubwa wa familia mara nyingi amelibeba tangu akiwa na miaka kumi, akilea wadogo zake. Sikufahamu kiasi hicho, lakini ningekuuliza nafasi yako nyumbani Iringa, na unatuma shilingi ngapi kila mwezi, na nani aliamua kiasi hicho.

Kumpata mshauri, anza na ustawi wa jamii au uulize hospitalini. Makanisa makubwa ya mjini nayo huwa na mchungaji au mtawa aliyesomea kazi hii. Mchungaji si lazima awe mshauri, wala mshauri si lazima awe Mkristo, ila awe mtu anayeheshimu imani yako. Jihadhari na anayedai fedha ili akuombee, anayekukataza hospitali, na yule ambaye habari za watu unazisikia kwenye mahubiri yake.

Sasa pampu ya pili, hoteli. Usiende kwa meneja ukiwa umeshalia. Nenda asubuhi, na karatasi. Mwambie kitu kinachopimika: vyumba vingapi, wahudumu wangapi, siku ngapi umepita saa zako, likizo yako ya mwisho ilikuwa lini. Likizo ya mwaka na siku ya kupumzika kila wiki si hisani. Zimo katika Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005. Omba likizo mfululizo, usikubali kukatiwa vipande vya siku mbili mbili. Omba pia redio ikabidhiwe kwa mwingine saa yako ikiisha, kwa sababu nimeona wasimamizi wanaolala nayo kando ya mto.

Watu wa imani huona aibu kudai mapumziko. Kwa hilo nina jambo moja la kukuambia kutoka mjini petu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Mkunazini, palepale. Nikiwa na nafasi hukaa mle ndani, kisha natoka nje kuzitazama sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni. Ndipo nilipoielewa Kumbukumbu la Torati sura ya 5. Pale amri ya Sabato haitaji uumbaji kama katika Kutoka 20. Inasema pumzika, wewe na mtumwa wako na mjakazi wako, na ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa hana siku yake. Mungu alipowatoa watu utumwani aliwapa siku. Usiirudishe.

Je, maombi? Yaache yawe madogo. Ukipiga magoti ukasinzia, basi lala, Zaburi 127 inasema humpa mpenzi wake usingizi. Asubuhi, kabla hujashika simu, sema mstari mmoja tu, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao," vuta pumzi taratibu, toa pumzi taratibu zaidi, mara tano, kisha nenda kaoge. Ukiwa huna neno, Zaburi 88 imeandikwa kwa ajili yako. Inaishia gizani, haina hata shukrani mwishoni, na imo kwenye Biblia. Jumapili uliyo ofu, nenda kanisani ukae kiti cha nyuma kama mgeni. Ukiona uchungu kutofanya chochote, huo ni uchungu wa pampu kuzimwa. Hupungua baada ya wiki tatu nne hivi.

Umeuliza kama uache kazi. Sasa hivi, hapana. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu asiyeweza kuhesabu mashuka. Kwanza vipimo, usingizi, funguo za kisanduku, likizo. Msimu ukipungua, masika hoteli nyingi hupunguza wageni na nyingine hufunga, hapo utakuwa na miezi kadhaa ya kujitazama. Ukiona nguvu zimerudi lakini kila ukikaribia geti tumbo linakaza, na meneja hakubadili hata kitu kimoja katika ulivyoomba, tutakaa tuzungumze kuondoka kwa mpango: akiba ya miezi mingapi, kazi gani nyingine, nani wa kuambiwa nyumbani. Lakini kupona huku si kwa mstari ulionyooka. Kuna wiki utajiona mzima, halafu Jumatano moja ulie tena stoo. Usihesabu kwamba umerudi mwanzo.

Daftari la siku saba anza kesho. Andika hata kwa mkato. Ofu yako ikiangukia Alhamisi panda daladala la mapema uje nalo, saa nne nitakuwa nimemaliza mtu wa kwanza. Mahali ninapokaa nimekuandikia pembeni.